Safari ya Gede, Mji wa Kale wa Pwani

Haya ni maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya wazee, walimu na vijana wa Butula.



Kaskazini ya Afrika, katika nchi ya Libya, iko miji miwili ya kale iliyojengwa ukingoni mwa bahari, nayo ni Sabratha na Leptis Magna. Zamani Warumi walipozitawala nchi zote zinazoizunguka Bahari ya Kati, matajiri wa miji hiyo walijengewa nyumba zenye sakafu za ajabu. Mafundi walichukua vijiwe vya rangi mbalimbali, vingi vyao vidogo kama ukucha wa kidole, wakavipanga kimoja kimoja juu ya chokaa mbichi hata vikafanya sura za samaki, ndege, wanyama na watu. Sakafu hizo zingaliko, na wageni husafiri kutoka nchi za mbali ili wazione. Katika Leptis Magna ndiko alikozaliwa Septimius Severus, aliyekuwa Kaisari wa Rumi tangu mwaka 193 hata mwaka 211. Na wako watu wengi waliosoma habari za Makaisari shuleni bila kuambiwa kwamba mmoja wao alikuwa mzaliwa wa bara hili la Afrika.

Mtu wa Butula akisikia habari hizi, huenda akauliza kama Kenya nayo ina mji wa namna hiyo, karibu na bahari, ambao mtu aweza kutembea katika njia zake na kuingia katika milango ya watu waliokufa zamani. Upo. Jina lake ni Gede, na wengine huuita Gedi. Hauna sakafu za vijiwe, kwa maana Warumi hawakuutawala kamwe upande huu. Lakini una mambo yake mwenyewe, na mwezi wa Julai mwaka 2024 shirika la Umoja wa Mataifa liitwalo UNESCO liliuandika katika orodha ya urithi wa dunia nzima.

Ijapokuwa Warumi hawakututawala, biashara yao ilifika pwani hii. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuandikwa, alitunga kwa Kiyunani kitabu cha kuwaongoza mabaharia. Humo alitaja soko lililoitwa Rhapta, la mwisho katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Alisema kwamba wageni walileta huko mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo, wakapakia pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Rhapta haijagunduliwa mpaka leo. Gede ni mji wa baadaye sana, lakini bahari ni ile ile, na pepo za kaskazi na kusi zilizosukuma majahazi ya kwanza ndizo zilizowatajirisha watu wake.

Safari yenyewe ni ndefu. Msafiri atokaye Butula hushuka mpaka njia kuu ya Bumala, akapata basi la Nairobi kwa kupita Kisumu na Nakuru. Kutoka Nairobi aweza kuendelea kwa basi, au kupanda gari la moshi la njia mpya ya reli iliyofunguliwa mwaka 2017. Akifika Mombasa hushika barabara ya kaskazini, akapita Mtwapa na Kilifi, na baada ya maili 60 hivi hufika njia panda ya Gede, mahali ambapo barabara ya Watamu huachana na ile ya Malindi. Hapo hushuka na kwenda kwa miguu, maana lango si mbali.

Mgeni akiisha kuingia langoni huona msitu kwanza, wala si mji. Mibuyu na mikwaju imeota ndani ya vyumba, na mizizi mingine imeshuka juu ya kuta kama kamba zilizofungia mzigo. Kima wa mahali hapo hawaogopi watu hata kidogo. Mtu aliyechukua ndizi mkononi asidhani kwamba atazila mwenyewe. Kisha polepole kuta huanza kuonekana. Mji wote ni wa ekari 45 hivi, nao ulizungukwa na ukuta wa nje wenye kimo cha futi 9. Ndani yake uko ukuta wa pili, uliozunguka msikiti mkubwa, jumba la mtawala na nyumba za wenye mali. Watu wengine, ambao ndio waliokuwa wengi, walikaa katika nyumba za udongo na makuti kati ya kuta hizo mbili. Wataalamu hukadiria kwamba wenyeji wote walizidi 2,500.

Inafaa msafiri asimame kidogo autazame ukuta kwa karibu. Hauna matofali. Ni mawe ya matumbawe, yaliyochimbwa katika ardhi ambayo zamani sana ilikuwa chini ya bahari. Chokaa iliyoyashika ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe yale yale juu ya rundo kubwa la magogo, kisha kuyamwagia maji hata yakalainika kuwa unga. Dari ilichukuliwa na boriti za mikoko. Sasa boriti ya mkoko haiwezi kuchukua uzito wa dari ya mawe ikiwa ni ndefu mno, na kwa sababu hiyo vyumba vyote vya Gede ni vyembamba, upana wake ukiwa futi 8 au 9 tu, ingawa urefu waweza kuwa mkubwa. Tajiri aliyeweza kununua bakuli la China hakuweza kununua boriti ndefu kuliko ile ya jirani yake.

Msikiti mkubwa ulijengwa katika karne ya 15. Nguzo zake nene zimesimama kwa safu, na kibla kimeelekea kaskazini, upande wa Makka. Pembeni yake kuna kisima kirefu, na birika la kutawadhia ambalo maji yaliletwa kwa mfereji. Hapa ndipo msafiri aliyetamani sakafu za Libya atakapopata kitu cha kulinganisha nazo. Mafundi wa Pwani hawakukata vijiwe vya rangi. Walichukua mabakuli ya kauri yaliyoletwa kwa majahazi kutoka nchi za mbali, wakayapachika katika chokaa ya kibla, ili rangi zake zing'ae mbele ya wenye kusali. Kazi hiyo ilifanywa katika misikiti na makaburi mengi ya pwani yote. Na juu ya mlango mmoja wa upande wa mashariki umechorwa mkuki wenye kigumba kipana. Mtu wa Butula hana haja ya kuelezwa maana ya mkuki katika mikono ya mzee wa Kiafrika.

Karibu na msikiti kuna makaburi yenye nguzo za mawe, na moja lina tarehe yake. Imeandikwa kwa Kiarabu mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399 wa Kizungu. Tarehe hiyo moja imewafaa wataalamu kama mshumaa katika nyumba yenye giza, kwa kuwa Gede haikuacha kitabu. Wareno, walioingia Malindi mwaka 1498 na kukaa katika pwani hiyo kwa miaka mingi, hawakuutaja mji huu hata mara moja katika maandishi yao, ingawa ulikuwa mwendo wa maili 10 tu kutoka mlango wao.

Kutoka msikitini msafiri huingia katika njia nyembamba zenye nyumba pande zote mbili. Majina ya wenye nyumba hizo yamepotea, basi wachimbaji walizipa majina kwa vitu vilivyookotwa humo. Iko Nyumba ya Mkasi. Iko Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri, na Nyumba ya Ushanga wa Venice, mji wa Italia uliokuwa mashuhuri kwa kazi ya vioo. Katika Nyumba ya Fedha za China ziliokotwa sarafu za China zilizotobolewa katikati, za wakati wa wafalme wa ukoo wa Song. Katika Nyumba ya Kauri za Pwani zilikutwa kauri ndogo za baharini, zile zile ambazo babu zetu wa nchi za Ziwa walizitumia kama fedha. Mtu akitembea huku akisomewa majina hayo huona kwamba anatembelea watu, wala si mawe. Kuna mwanamke aliyeuangusha mkasi wake na kuutafuta asiupate; umepatikana baada ya miaka 400.

Kila nyumba ina ua mbele, uliochimbwa chini kidogo kuliko njia. Kisha sebule, kisha vyumba vya kulala, na nyuma kabisa ghala. Maghala mengine hayana mlango. Mwenye mali alipanda ngazi, akaingia kwa tundu lililo juu ukutani, kisha akaiondoa ngazi. Vyoo navyo vimejengwa kwa mawe, vyenye shimo na mahali pa kuwekea maji ya kujisafishia. Yafaa jambo hili likumbukwe na watu wanaodhani kwamba choo kililetwa Afrika na mabwana afya. Jumba la mtawala ni kubwa kuliko nyumba zote, lina ua wa baraza na sehemu ya wanawake, lakini kwa kweli halimvutii mgeni kama zile nyumba ndogo.

Kwa nini mji huo ukaachwa? Jibu si moja. Mwaka 1589 jeshi la Wazimba lilipita pwani likiteketeza miji. Miaka minne baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia Mombasa pamoja na watu wake, biashara ikamfuata. Waoromo nao walikuwa wakishuka kutoka kaskazini na ng'ombe zao. Wengine husema kwamba jina la Gede ni la lugha yao, nalo maana yake ni kitu cha thamani. Tena maji yalipungua: kuna kisima kilichochimbwa zaidi kwenda chini, bila shaka kwa sababu maji yalikuwa yakikimbia. Mwanzoni mwa karne ya 17 Gede haikuwa na watu. Msitu ukaingia.

Baada ya hapo Wagiriama wa jirani walipaheshimu kama makao ya mizimu, na heshima hiyo iliwazuia watu wengi wasibomoe kuta kwa kujijengea. Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza wa Unguja, alipazuru mwaka 1884. Mwaka 1927 Serikali ilitangaza kuwa ni mahali pa kumbukumbu za kale, na kutoka mwaka 1948 hata 1958 mtaalamu James Kirkman, pamoja na vibarua wenyeji, alifyeka miti na kuchimba. Tangu mwaka 1969 mahali hapo pamekuwa chini ya Makumbusho ya Taifa.

Sasa liko jambo moja linalostahili kusemwa bila kuficha. Wazungu waliochimba siku zile walifikiri kwamba miji ya Pwani ilikuwa kazi ya Waarabu waliohamia Afrika, na kwamba Mwafrika alikuwa mtumishi tu. Fikira hiyo iliandikwa katika vitabu, watoto wakafundishwa, na mpaka leo wako watu wa bara wasemao kwamba Gede si yao. Uchimbaji wa baadaye umeonyesha habari nyingine. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, akakuta msikiti wa udongo, na chini yake mwingine wa miti, mpaka karne ya 8. Mji haukuletwa katika jahazi; ulikua mahali pale pale, kutoka nyumba za miti na udongo hata nyumba za mawe. Na mwaka 2023 wataalamu walichapisha habari za uchunguzi wa mifupa ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya Pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Waliona kwamba wengi wao walikuwa wazao wa akina mama wa Kiafrika na akina baba wa kutoka Asia, hasa Uajemi. Wazee wa Pwani waliosimulia siku zote kwamba babu zao walitoka Shirazi walichekwa na wasomi kwa miaka mingi. Kumbe walikuwa wakisema neno la kweli, ijapokuwa hawakuwataja bibi zao vya kutosha.

Ile hadithi ya nyumba ya udongo iliyo chini ya nyumba ya mawe inawahusu watu wa Butula kuliko habari za mabakuli. Mtu wa kwao hurudi kutoka Gede akiwa na moyo mzito, akisema, "Wenzetu walijenga kwa mawe, sisi tulijenga kwa udongo, na udongo haukuacha kitu." Si kweli. Nguzo ya mti ikioza ardhini huacha alama nyeusi ya duara, ambayo mtaalamu huisoma. Kipande cha chungu hakiozi kabisa. Hapo Siaya, jirani na Butula, pana mahali paitwapo Urewe. Huko ndiko vilikotoka vyungu vya kale vyenye mistari mizuri shingoni na kibonyeo kidogo kitakoni, ambavyo habari zake ziliandikwa na Archdeacon Owen pamoja na Leakey na mkewe, zikachapishwa mwaka ule ule wa 1948 ambao Kirkman alianza kazi Gede. Vyungu vya namna hiyo vilifinyangwa katika nchi za Ziwa wakati Warumi walipokuwa wakipanga vijiwe vyao huko Libya. Wafinyanzi hao walikuwapo zaidi ya miaka 1,000 kabla ya ule msikiti mkubwa wa Gede kujengwa.

Tena katika nchi za Waluhya kulikuwa na vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Wabukusu waliziita ngome hizo chingoba. Joseph Thomson alipofika kwa Sundu mwaka 1883, mahali ambapo sasa ni Mumias, aliona vijiji vya namna hiyo. Na Waswahili wa misafara walikuwa wamekwisha kuijua njia ya kwenda huko, wakileta nguo na ushanga, wakitaka pembe. Upande wa kusini, huko Migori, Thimlich Ohinga ina kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, nyingine zenye kimo cha futi 14 hivi, zilizojengwa katika karne ya 16, na UNESCO iliziandika mwaka 2018. Basi Gede ilipokuwa ikielekea kufa, watu wa upande wa Ziwa walikuwa wakijenga.

Lakini kuta za Thimlich zimesalia kwa sababu ni za mawe na zimelindwa. Mahandaki ya udongo hayana bahati hiyo. Jembe la ng'ombe hupita juu yake kila msimu wa mtama na mihogo, na trekta hupita kwa nguvu zaidi. Kila mara tuta hupungua unene wa kidole. Wazee wanaoweza kusimama shambani na kusema, "Lango lilikuwa hapa," ni wachache, na kila mwaka hupungua. Pwani nako uharibifu upo. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, mabakuli mengi yaliyopachikwa katika nguzo za makaburi yameng'olewa, yamebaki matundu. Mwizi akiling'oa bakuli kwa patasi, mara nyingi huvunjika mkononi mwake, hata yeye mwenyewe hapati faida.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu na majengo ya Kenya yaliyofanywa kabla ya mwaka 1895. Haisemi kwamba ni lazima jengo liwe la mawe. Wenye mashamba wengine huogopa kwamba wakitoa habari za kitu cha kale watanyang'anywa ardhi, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wakifukie usiku. Ni afadhali kwanza mwenye shamba amwite mwalimu wa shule iliyo karibu, apime handaki kwa kamba na kuandika katika daftari maneno ya mzee anayelijua, pamoja na jina la mahali. Kazi hiyo haiondoi hata kipande cha shamba. Mtu akiokota chungu au ushanga, asikioshe wala asikipeleke sokoni, bali aweke alama mahali alipokiokota, kwa kuwa kitu kisichojulikana kilikotoka kimepoteza nusu ya habari zake. Kisha apeleke habari katika makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambayo msafiri wa Gede huyapita akiwa ndani ya basi, asubuhi ya siku ya kwanza ya safari yake.